Ramani ya Mchana na Ramani ya Usiku

Kisumu, Jumamosi jioni

Juma hili watoto wangu wa Gredi ya Tatu wamemaliza kuchora ramani ya mtaa. Nimeona niandike sasa, kabla shughuli za kufunga muhula hazijanimeza.

Mada yenyewe, katika Shughuli za Mazingira, si ndefu: jamii yetu, kazi za watu, mahali pa kupata huduma. Mwalimu akitaka anaimaliza haraka. Anaonyesha picha ya daktari, ya polisi, ya mwalimu, ya rubani, watoto wanataja, wanapaka rangi, kesho mada nyingine. Lakini mtoto wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, ameshapita asubuhi hiyohiyo mbele ya fundi wa tairi, kinyozi, mama wa mandazi, kijana wa mkokoteni wa maji na kundi la bodaboda wanaosubiri abiria kwenye steji. Akifika darasani akaambiwa kazi ni rubani, tunamfundisha nini kuhusu kwao? Jambo hili limenisumbua kwa muda mrefu, na ndilo lililonifanya nianze mada upande mwingine.

Nilianza na swali moja: ukitoka shuleni kurudi nyumbani, nani unamwona akifanya kazi? Sikuuliza baba yako anafanya kazi gani, na sitauliza. Darasa lolote la shule ya umma hapa mjini lina mtoto anayelelewa na nyanya, lina mtoto ambaye mzazi wake anatafuta kibarua tangu Krismasi. Swali la njiani humpa kila mmoja la kusema. Lile la baba humfanya mwingine ainamishe kichwa.

Majibu yakamiminika. Katikati ya kelele hizo msichana mmoja akasema mama yake hafanyi kazi, anauza tu mgongo wazi. Wenzake hawakushtuka hata kidogo. Nilipochimba nikakuta wengi wao wanaamini hivyo hivyo: kazi ni ile yenye sare, ofisi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Anayeuza, anauza tu.

Basi tukaufuata huo mgongo wazi. Kwa msomaji asiye wa huku: viwanda vya samaki vya hapa Kisumu hutoa minofu ya mbuta, yule sangara mkubwa wa ziwani, na kinachobaki ni kichwa, mfupa wa mgongo na mkia, pamoja na nyama iliyong'ang'ania mfupa. Wanawake, hasa wa mtaa wa Obunga, huchukua mabaki hayo, huyakaanga kwenye mafuta mengi mpaka yakauke, nayo huwa kitoweo cha nyumba zisizomudu samaki mzima. Nilimwomba yule msichana atueleze. Mama anaamka saa ngapi? Saa kumi alfajiri. Mzigo anautoa wapi? Obunga. Anaubebaje? Kwa boda. Nani anamuuzia kuni? Mafuta je? Karatasi za kufungia? Nani hununua? Kila mtu aliyetajwa nikamwandika ubaoni na kumuunganisha na mwingine kwa mstari, kuanzia mvuvi, kiwanda, hadi mama mwenye kibanda cha ugali anayenunua kila jioni. Kipindi kilipoisha ubao ulikuwa umejaa, na mama yake yuko katikati. Msichana akasimama karibu na ubao akifuata mistari kwa kidole.

"Mwalimu, hawa wote wanamhitaji mama?"

"Wanamhitaji, na yeye anawahitaji."

Akarudi kuketi. Tangu siku hiyo hajasema tena "anauza tu".

Ndipo tukaingia kwenye ramani. Ugumu wa kwanza wa mtoto wa miaka minane si dira wala kipimo. Ni kutazama kutoka juu. Mwambie achore nyumba, atakuchorea mlango, madirisha na paa la pembetatu, kwa sababu hivyo ndivyo anavyoiona akisimama mbele yake. Ramani inamtaka aione kama ndege aina ya kunguru anayepita juu ya mabati. Nilileta sufuria na mfuniko wake, nikaiweka sakafuni. Wakachuchumaa, wakaichora kutoka ubavuni: ukuta, masikio mawili, mfuniko. Halafu mmoja mmoja akapanda juu ya benchi akatazama chini, akachora tena. Duara, na kitufe katikati. Palikuwa na ubishi mkali kwamba hicho si sufuria. Tukaendelea na kiberiti, kopo la rangi, kiatu. Kiatu ndicho kilichowafungua macho, maana kila mmoja huona chake kutoka juu kila siku anapokivaa. Ningemshauri mwalimu yeyote asiruke hatua hii. Mtoto aliyeipitia ataelewa kila ramani atakayoonyeshwa Gredi ya Nne, na ambaye hakuipitia atakariri tu.

Kuhusu pande za dunia, nilipowauliza kaskazini ni wapi, mikono mingi ilielekea darini. Ukifikiria, wana haki. Ramani zote walizowahi kuona zimetundikwa ukutani, na kaskazini huandikwa juu. Kwa hiyo tulitoka nje asubuhi, tukalitazama jua likichomoza upande wa Nyamasaria na Ahero. Mkono wa kushoto kaskazini, wa kulia kusini, na mgongoni magharibi, ndilo ziwa. Tukasimamisha fimbo uwanjani, na kila tulipopata nafasi tukaweka jiwe kwenye ncha ya kivuli chake.

Hapa mwezi wa Machi ulitufaa sana. Kisumu iko kusini kidogo tu ya ikweta, mstari unaopita Maseno, mwendo mfupi wa matatu kutoka hapa. Karibu na tarehe 20 Machi jua hupita juu ya ikweta, na kwetu ncha ya kivuli hutembea siku nzima kwa mstari ulionyooka, kutoka magharibi kwenda mashariki. Mawe yetu yalijipanga kama yamepimwa kwa uzi, kutoka upande wa ziwa hadi upande wa Ahero. Wakati wa chakula cha mchana, karibu saa saba kasorobo, kivuli kilikaribia kwisha kabisa. Mtoto mmoja akauliza kwa nini si saa sita juu ya alama. Ni kwa sababu saa za Kenya zimewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata Kenya, uko Somalia, na sisi wa huku magharibi jua hutufikia utosini likiwa limechelewa. Sikutarajia Gredi ya Tatu kunifikisha huko, lakini aliyeuliza alistahili jibu kamili.

Mwingine akauliza nani aliamua kaskazini iwe juu. Nikawaambia habari za al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyemchorea mfalme Roger wa Sicily ramani ya dunia mwaka 1154, akaweka kusini juu. Dunia ilikuwa ileile. Tangu hapo ramani zetu huwa tunazilaza chini kwanza na kuzigeuza mpaka ziwa la kwenye karatasi lielekee ziwa lenyewe. Naona kila darasa la watoto wadogo lingefanya hivyo kabla ya kugusa msumari na ukuta.

Ramani ya kwanza ilikuwa ya mchangani, nyuma ya darasa, kwa viberiti, vizibo vya soda na majani ya mafunjo. Kipimo kilikuwa hatua zao: hatua mia njiani ni shubiri moja mchangani. Kila walipoweka kitu niliwauliza swali moja tu, kwa nini hapa na si pale. Kwa nini mafundi wa pikipiki wako barabarani? Kwa nini wafumaji wa mikeka ya mafunjo wako Dunga, ufukweni mwa ziwa? Kwa nini maghala makubwa yako karibu na bandari? Hilo la maghala lilitupeleka mwaka 1901, reli kutoka Mombasa ilipofika hapa, mahali Waingereza walipopaita Port Florence. Reli iliishia ziwani, mizigo ikapandishwa meli kwenda Uganda, na mahali mizigo inapobadilisha chombo pana kazi: wapagazi, makarani, walinzi, wapishi. Mji ukakua kuzunguka kazi hizo. Watoto walilielewa haraka kuliko nilivyodhani, kwa sababu steji ya matatu ndivyo ilivyo. Abiria wanaposhuka, ndipo muuza karanga anaposimama.

Tukahamia kwenye karatasi, mifuko ya saruji iliyopasuliwa na kugundishwa, na hapo ndipo ubishi wa kweli ulipozuka. Bodaboda anachorwa wapi? Hakai mahali. Wengine walitaka achorwe stejini, wengine wakasema stejini ni pale asipokuwa na kazi. Nikawaachia. Baada ya majadiliano marefu walikubaliana achorwe kwa vitone njiani, na kwenye ufunguo wa ramani wakaandika: vitone ni watu wa kazi ya kwenda. Kijana wa maji akapata vitone. Mama wa omena, dagaa wa ziwani, anayepita akiwa na beseni kichwani akapata vitone. Sijawahi kuona alama hiyo kwenye ramani iliyochapishwa, nami naiona inatufaa kuliko nyingi zilizochapishwa.

Mvulana mmoja alikuwa amechora nyumba yao vizuri, pembeni hakuweka alama yoyote ya kazi. Nikamuuliza polepole. Akasema kwao hakuna wa kuchora, baba hulala tu.

Baba yake ni mlinzi wa usiku. Hutoka nyumbani jua likizama, hurudi mtoto akijitayarisha kuja shule. Mtoto akirudi mchana humkuta amelala, na huambiwa asipige kelele. Miaka yote minane ameishi na mtu anayefanya kazi saa kumi na mbili bila kumwona akiifanya.

Hivyo tukaanza ramani ya pili. Watoto hawawezi kuzurura usiku, kwa hiyo kazi ya nyumbani ilikuwa kuuliza: sisi tukilala, nani yuko macho? Nilishangazwa na walichokuja nacho. Walinzi, ndiyo, na muuguzi wa zamu. Madereva wa mabasi ya Nairobi. Waokaji wa mkate. Mama anayekanda unga wa mandazi saa tisa. Mtu wa kinu anayesafisha mashine usiku kwa sababu mchana haizimwi. Karatasi ya pili tukaipaka makaa mpaka ikawa nyeusi, na kila mtu wa usiku akawekwa kwa nukta ya chaki ya njano.

Kwenye ramani ya mchana ziwa lilikuwa eneo tupu la buluu. Kwenye ya usiku ndilo lililojaa kuliko nchi kavu. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai za mafuta taa na siku hizi zaidi za betri na sola, omena hukusanyika kwenye mwanga, nyavu zinawazunguka. Mzee mmoja mvuvi wa Dunga alikubali kuja darasani. Watoto walimwamkia "Shikamoo, Mzee", naye akawajibu na kuketi nao chini kabisa kwenye mkeka, kofia mkononi. Akaitazama ramani yao kwa makini, kisha akauliza: "Huu ni usiku gani?"

Hakuna aliyemwelewa.

"Mwezi uko?" akasema. "Mwezi ukiwa mkubwa, omena hawaji kwenye taa. Sisi tunabaki nyumbani. Hizi taa zenu ni za giza."

Watoto wakafuta kichwa cha ramani wakaandika upya: Mtaa Wetu Usiku wa Giza. Mzee akaongeza kwamba kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaliane, kwa hiyo wakiirudia baada ya wiki chache watakuta ziwa jeusi. Msichana wa mgongo wazi ndiye aliyechukua chaki na kuandika kwenye kona ya chini: Machi.

Yule mvulana aliweka nukta ya baba yake kwenye lango la ghala, karibu na reli. Halafu akauliza kama anaweza kuchora vitone kutoka lango hilo hadi nyumbani kwao, kwa sababu baba hurudi kwa miguu. Akavichora vyote, kwa mpangilio, akipitia daraja na kinu. Jumatatu baba huyo ameahidi kupitia shuleni akitoka zamu, kabla hajaenda kulala, aione ramani na kuwaambia watoto jinsi anavyojua, gizani, mtu anayepita ni wa mtaani au mgeni. Nimeomba kipindi cha kwanza asubuhi kibadilishwe kwa ajili yake. Muhula ujao, ziwa likiwa limefungwa, tutawauliza wavuvi wanafanya kazi gani miezi hiyo na tutawachora huko watakakokuwa.