Kumbukumbu ya Kihispania: jugar na safari ya mkazo

Januari, mwishoni

Nimeweka vitenzi vingine kando ili nishughulike na kimoja, jugar, kucheza. Vitabu vingi huanza na poder (kuweza) au querer (kutaka). Mimi nimependelea hiki kwa kuwa hapa Manyatta, Kisumu, jioni haiishi bila habari za mpira, na kitenzi unachopata nafasi ya kukitumia ndicho kinachokaa kichwani. Yo juego (mimi nacheza), tú juegas (wewe), ella juega (yeye), ellos juegan (wao). Halafu: nosotros jugamos (sisi), vosotros jugáis (nyinyi). Katika Kihispania chote ni hiki tu ambacho u ya shina hugeuka kuwa ue. Kimetokana na iocari ya Kilatini, ambayo ilikuwa na o.

Februari

Sikariri jedwali tena. Nasema sentensi kwa sauti nikitembea kutoka Kondele kwenda soko la Kibuye, na sikio limenifunza zaidi ya karatasi: ue hutokea pale tu mkazo, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu, unapoangukia shina. JUE-go, JUE-gan. Mkazo ukihamia mwisho, shina linatulia: ju-GA-mos, ju-GÁIS. Chanzo chake ni cha kale. O na e fupi za Kilatini zilipotamkwa kwa mkazo, Kihispania kilizipasua kuwa ue na ie. Ndivyo bonum ilivyozaa bueno (-zuri), na terra ikazaa tierra (ardhi).

Jambo hili lilinifurahisha sana, maana sisi tunaoongea Kiswahili tunaishi nalo kila siku. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na vitenzi vifupi huupisha. Tunasema anakula, ku ikibaki ili iubebe mkazo. Lakini hali, sili, hula, ku inaondoka kwa sababu kiambishi cha mbele kimeshaupokea. Mtu aliyekua akisema hivyo bila kufundishwa hana sababu ya kuiogopa juego.

Machi

Nasikiliza matangazo ya mpira ya redio za Uhispania kupitia intaneti. Mtangazaji anakimbia, lakini kanuni haimwachi: el juego, mchezo; la jugada, shambulizi au mpango wa uwanjani; el jugador, mchezaji. Ni ukoo mmoja wa maneno, na ue imo katika lile lenye mkazo shinani pekee. Wakati uliopita nao umekuwa mwepesi: jugué, jugaste, jugó, jugaron. Mkazo wote uko nje ya shina, basi hakuna ue. Ile u ya pili katika jugué huandikwa tu ili g isigeuke sauti mbele ya e.

Uthibitisho mzuri kuliko yote nimeupata kwa Waargentina. Wao husema vos badala ya tú, na kitenzi kinakuwa jugás. Mkazo uko mwisho, shina halikuguswa. Podés na querés vilevile, wakati Mmeksiko anasema puedes na quieres.

Aprili

Mpwa wangu amejiunga nami. Akitoka uwanjani ananiuliza, “Anko, leo tuseme nini?” Nampa mwanzo, yeye anamalizia: Hoy juego yo, mañana jugamos todos (leo nacheza mimi, kesho tunacheza sote). Nimemfundisha kutamka al kabla ya fútbol, jugar al fútbol, ingawa sehemu nyingi za Amerika ya Kusini watu husema jugar fútbol tu na wanaelewana. Hamu yake inanipa nguvu kuliko kitabu chochote.

Sasa tunaingia dormir, kulala. Duermo na dormimos zinafuata njia ileile, lakini durmió (alilala) na durmieron (walilala) zimegeuza o kuwa u ilhali mkazo umekwenda mwishoni. Pedir, kuomba, inafanya jambo linalofanana, e ikiwa i: pidió. Vitenzi vya -ir vina tabia yao ya pili, na ndiyo nitakayoishughulikia Mei nzima.