Simu Sikioni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii naanza na uchafu wangu mwenyewe. Jumanne tunarudi kula na wenzangu wa ofisini, tukapitia sokoni pale mama yangu anapouza dagaa, akaniona, akanyanyua mkono na kopo lake la kupimia, na mimi nikafanyaje, nikaweka simu sikioni nikajifanya naongea. Simu yenyewe haina hata chaji. Usiku napiga magoti, maombi hayapandi, kila nikifumba macho naliona lile kopo limebaki hewani.

Sasa nilikuwa nasoma habari za John Mercer Langston wa Marekani, kazaliwa Virginia 1829, baba mzungu mwenye shamba kubwa, mama yake Lucy aliwahi kuwa mtumwa akaachwa huru. Wote wakafariki 1834, mtoto hajafika hata miaka mitano. Akakulia Ohio, akamaliza chuo cha Oberlin 1849, akataka kusomea sheria. Mkuu wa chuo kimoja jimbo la New York akamwambia mtu mweusi hapa hatupokei, ila ukijitambulisha kama Mfaransa au Mspanyola, ingia. Na angeweza jamani, kwa rangi aliyokuwa nayo! Akakataa. Akaenda kusomea kwa mwanasheria mmoja, Philemon Bliss, mjini Elyria, na 1854 akawa wakili. Mwaka uliofuata wakulima wazungu wa Brownhelm, hukohuko Ohio, wakamchagua karani wao, weusi waliowahi kuchaguliwa kushika ofisi nchi ile walikuwa wa kuhesabu. Baadaye bodi ya elimu Oberlin, kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard, Bunge la Marekani 1890, hayo mtasoma wenyewe. Mimi nimekwama pale kwenye Mspanyola.

Maana mama yake alishakufa miaka kumi na tano. Nani angejua? Na jina Langston lenyewe ni la mama, si la baba. Yeye amekataa kumkana mama aliye kaburini, mimi namkana aliye hai, ananipungia mkono! Petro angalau aliogopa kufa, ingawa aliyemtisha ni kijakazi tu pale kwenye moto, wakamwambia hata usemi wako wakutambulisha. Mimi nimeogopa kuchekwa na watu wanaonidai hela ya chai.

Na nyie msinicheke, nawajua. Wengine mkifika mjini lafudhi inabadilika, kwenu mnapataja kwa kuzungukazunguka. Wengine wakwe wakija, baba anaambiwa apumzike chumbani. Wengine bosi akikaa mezani, chakula hakiombewi tena. Acheni! Kanisani tunaimba hatumwonei haya Yesu, halafu tunamwonea haya aliyetulipia ada kwa dagaa.

Jumamosi nilienda. Hakuniuliza kitu, akanisogezea ndoo nikae, akanipa kopo, akasema pima, usijaze sana. Nimepima mpaka magharibi. Ila wale wenzangu bado sijawaambia. Niombeeni Jumatatu.