Jinsi nilivyotatua potasiamu iliyopanda bila ugonjwa

Majibu ya potasiamu (chumvi ya damu ambayo ikizidi huhatarisha moyo) kutoka hospitali ya wilaya, tunakopeleka sampuli za damu, yalinitia hofu: 6.1, 6.4, hata 6.8, yote juu ya kawaida, ilhali wagonjwa wenyewe ni wazima na mapigo ya moyo yako sawa. Mama mmoja nusura aanzishiwe dawa asiyoihitaji. Hilo liliniuma sana.

Kwanza nilishuku chembe nyekundu za damu zimepasuka na kumwaga potasiamu yake, lakini seramu (maji ya damu yanayobaki ikishaganda) ilikuwa safi, haina wekundu ambao chembe zilizopasuka huuacha. Ndipo nikafuatilia safari ya sampuli. Damu tulikuwa tunaitoa asubuhi na kuiweka kwenye friji vilevile, bila kutenganisha seramu, hadi gari la kuipeleka hospitalini lije alasiri. Kumbe baridi ya nyuzi 2 hadi 8 hudhoofisha pampu zinazoshikilia potasiamu ndani ya chembe nyekundu. Potasiamu huvuja polepole bila chembe kupasuka. Friji tuliyoiamini ndiyo iliyotuharibia!

Sasa damu inaganda nusu saa nje ya friji, inazungushwa kwenye sentrifuji (mashine inayotenga chembe na seramu), na seramu inahamishiwa kichupa kingine kabla hazijapita saa 2 tangu itolewe. Baridi inafuata baadaye. (Sukari pia inaokolewa hivyo, maana chembe huendelea kuila.) Muda wa kutoa damu tunauandika kwenye kichupa.

Yule mama alipimwa upya: 4.3, kiwango cha kawaida.