Droo ya Vijiko Ilipogoma

Julai 2016, tumeipita Engaruka tukielekea Ziwa Natron, mpishi alifungua ubavu wa tela letu la jikoni achemshe chai. Droo ya vijiko ikatoka, ikagoma kurudi. Akasema ni vumbi. Mimi nikachuchumaa mbele ya tela: zile nguzo mbili za kuvutia, zinazokutana kama herufi A, zilikuwa zimebonyea, na ya kushoto ilikuwa na ufa wa kupitisha ukucha. Fremu ilikuwa imepinda, ndiyo maana droo ilibanwa.

Tela lenyewe tulilichomelea mtaani Unga Limited, Arusha, kwa wiki tatu. Fremu ilikuwa ya bomba za pembe nne, milimita 50 kwa 50, unene 3. Boksi lina urefu wa mita 1.8 na upana 1.2. Haba, yaani vitovu vya magurudumu, tulitafuta za nati tano kama za Land Cruiser yetu, ili tairi moja la akiba litumike kote kuwili. Ekseli ilikaa sentimita 9 nyuma ya katikati ya boksi. Likiwa na mzigo wote tela lilikuwa na kilo 520, na puani, pale linapofungwa kwenye gari, kwa mizani ya magunia, kilo 50 na ushee. Sehemu ya kumi namna hiyo inatosha. Ikipungua sana, tela huanza kutikisa mkia mwendo ukiongezeka. Kwa sababu hiyo tangi la maji la lita 60 tuliliweka juu ya ekseli. Lingekuwa mbele, kila sufuria ya maji iliyotoka ingepunguza uzito wa pua.

Mtungi wa gesi wa kilo 15 ulikuwa na chumba chake, wima, umefungwa mkanda, na sakafuni tukatoboa matundu mawili. Wengi hutoboa juu, jambo lisilosaidia kitu: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Kila kambi tulipaka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira kabla ya kuwasha, maana mtikisiko hulegeza klipu.

Sasa ufa. Ulianzia pale nguzo inapopita chini ya chuma cha mbele cha fremu, mahali nilipodhani ndipo imara kuliko pote. Ni mimi niliyemshikilia fundi azungushie welding pande zote. Chuma hudhoofika kandokando ya mshono, na mshono ukiikatiza nguzo kwa upana, kila inapopinda hupasukia hapo hapo. Na barabara ile ilikuwa mgongo wa bati mtupu, vituta vidogo mfululizo; nguzo ilikuwa ikipinda na kunyooka tangu Mto wa Mbu.

Tulihamishia garini mtungi, sufuria kubwa na vyakula vya kopo, maji tukayagawa kwenye madumu. Jeki chini ya fremu, karibu na ufa, tukapandisha taratibu mpaka ufa ukafumba. Meza ya kukunja ilikuwa na vyuma viwili vya engo, vya umbo la L. Tukavifungua, tukavilaza ubavuni mwa nguzo, kimoja kila upande, tukavikaza kwa mnyororo, na juu yake vipande vya tyubu vilivyovutwa hasa. Kisha tukageuza kurudi Mto wa Mbu, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, tukisimama kila mara kukaza upya.

Fundi wa pale hakutaka kuusikia mpango wangu wa kuongeza welding juu ya welding. Alichimba ufa kwa grenda mpaka ukawa kama herufi V, akaujaza, akausawazisha. Halafu akakata pleti ya milimita 6, urefu sentimita 30, ncha zote mbili zimechongoka, akaibandika ubavuni mwa nguzo na kuichomelea kwa urefu tu. Zile ncha hakuzigusa. Nguzo ya kulia, ambayo bado ilikuwa nzima, akaifanyia vilevile.

Mpishi hakuiangalia hata welding. Alivuta droo, akairudisha kwa kidole kimoja, akaanza kupakia sufuria.