Mstari wa kwanza wa ukurasa wa gesti

Mwaka 2006 mgao wa umeme ulitubana nchi nzima, na Tanga hatukusazwa. Kazi za kompyuta zilikuwa za kuvizia. Kwa hiyo mjomba alipomtuma mtoto aje kuniita mbiombio, nilijua umeme umerudi Ngamiani na anataka niwahi kabla haujakatwa tena.

Mjomba alikuwa na gesti ndogo upande wa Raskazone. Wageni wake walikuwa wale wanaokuja kuona mapango ya Amboni, au wanaolala usiku mmoja kisha wanashika njia ya Pangani. Tovuti alitengenezewa na binamu yangu, ambaye baadaye alihamia Dar akatuachia faili tu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Njoo uone walivyonivulia nyumba nguo."

Kwenye kioo cha kompyuta ya mkahawa wa intaneti ukurasa ulikuwa mweupe pe. Picha za vyumba zimepandana, bei zimesambaa chini kama chenji iliyomwagika. Kijana wa mkahawa alisimama pembeni amenuna, maana alikuwa ameshasemwa vya kutosha. Kosa lake? Alikuwa ameongeza mstari mmoja juu kabisa ya ukurasa, ule unaoanza na DOCTYPE, unaokiambia kivinjari ukurasa umeandikwa kwa kanuni zipi. Mgeni mmoja alilalamika kwamba kisanduku cha bei kinakaa vizuri kwenye kivinjari cha Internet Explorer, lakini kwenye kile cha Firefox kinavimba na kushuka chini ya picha. Kijana akachunguza, akaona ukurasa hauna DOCTYPE, akauweka. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nilivuta kiti. Mtu mwenye haraka angesema faili la CSS, lile linalopanga rangi na sura ya ukurasa, halifunguki, lakini vichwa vya habari vilikuwa bado na rangi yake ya samawati. Na namba ya simu ilikuwa imesalimika kwenye ukanda wake wa njano. Sasa kwa nini simu ipone na bei iangamie? Nikafungua mafaili yote mawili kwenye Notepad, nikayaweka bega kwa bega. Klasi, yaani jina linalounganisha kipande cha ukurasa na mapambo yake kwenye CSS, ya simu iliandikwa simu huku na simu kule. Ya bei, binamu yangu aliandika .BeiVyumba kwenye CSS, na kwenye ukurasa akaandika beivyumba. Klasi ya picha vivyo hivyo, herufi kubwa upande mmoja, ndogo upande wa pili. Vichwa vya habari navyo aliviandika H1 kwenye CSS na h1 kwenye ukurasa, lakini hivyo havikudhurika, kwa sababu majina ya tagi, yaani alama za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, hayajali ukubwa wa herufi. Majina ya klasi yanajali.

"Kwani kompyuta haioni kwamba ni neno lile lile?" mjomba aliuliza.

"Ilikuwa inafumba macho, mjomba. Huyu kijana ndiye aliyeiamuru ifumbue."

Na ndivyo ilivyokuwa. CSS ya kwanza, ya mwaka 1996, haikuamua suala la klasi, ililiachia HTML. HTML 4.01 ya mwaka 1999 ikasema wazi kwamba herufi kubwa na ndogo ni tofauti. Lakini kurasa nyingi zilikuwa zimeshaandikwa ovyo, na vivinjari vilikuwa vimezizoea. Mwaka 2000, Internet Explorer 5 ya Macintosh, iliyoshughulikiwa na Tantek Çelik wa Microsoft, ilikuja na ujanja wa kutazama DOCTYPE: ikiwepo iliyo sahihi, ukurasa unasomwa kwa kanuni, isipokuwepo, unasomwa kwa mazoea ya zamani. Internet Explorer 6 ya mwaka 2001 ikafuata, na kwenye mazoea hayo ya zamani BeiVyumba na beivyumba ni kitu kimoja. Firefox nayo inafanya vivyo hivyo. Mimi sipendi ukarimu huo. Binamu yangu aliandika vibaya miaka yote, hakuna aliyemwambia, na aliyetukanwa akawa kijana aliyefanya jambo la haki.

Mjomba hakutaka hadithi. "Ufute huo mstari, turudi tulipokuwa."

Ungefutwa, kila kitu kingerudi, pamoja na lile lalamiko la mgeni. Nikakataa kwa adabu. Kijana akaniletea kahawa na kashata, nikajua tumepatana. Nikayashusha majina yote ya klasi kuwa herufi ndogo, kwenye CSS na kwenye kila ukurasa, moja moja.

Nguo zikarudi, ila kisanduku cha bei sasa kilishuka chini ya picha hata kwenye Internet Explorer. Hilo nililitarajia. Kwa mazoea ya zamani, Internet Explorer ilihesabu nafasi ya ndani, ile iliyo kati ya maandishi na ukingo wa kisanduku, kuwa sehemu ya upana. Kwa kanuni, nafasi hiyo inaongezwa juu ya upana. Binamu alitaka pikseli 200 zenye nafasi ya 20 kila upande. Kikanuni zikawa 240. Nikaandika upana 160. Tukafungua Internet Explorer, tukafungua Firefox, kisanduku kikakaa pale pale kwenye vyote viwili. Kijana alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mjomba akavaa miwani, akasogea karibu na kioo, akasoma kimya kimya mpaka mwisho.

"Chumba cha feni," akasema, "hiyo bei ni ya mwaka juzi."