Swichi ya ofisi: mimi huanzia kwenye wati, bei baadaye

Mwaka juzi niliitwa kwenye ofisi moja ya wakala wa kutoa mizigo bandarini, hapa Dar es Salaam, kwa sababu kamera zao za ulinzi zilikuwa zikizimika kila siku jioni. Mlinzi wa zamu ya usiku alinipokea getini na kunieleza kwa uhakika wa mtu aliyeshayasema maneno hayo mara nyingi: "Fundi, mchana kutwa zinafanya kazi. Adhana ya magharibi ikiisha tu, hizi za upande wa yadi zinazimika, zinawaka, zinazimika tena." Wenye ofisi walikuwa wameshabadilisha kamera mbili na kuvuta kebo mpya hadi kwenye nguzo ya mbali, lakini tatizo lilibaki palepale.

Swichi, yaani kifaa kinachounganisha kamera, kompyuta na simu za ofisi kwenye mtandao mmoja, ilikuwa kwenye raka, ile fremu ya kufungia vifaa vya mtandao. Ilikuwa na poti 16, yaani matundu ya kuchomekea kebo, na zote zilikuwa za PoE, yaani kila poti hupeleka data na umeme kwa kamera kupitia kebo ileile. Kamera zilikuwa 14, kwa hiyo kwa kuhesabu matundu nafasi ilitosha na ikabaki. Nilipoigeuza swichi na kusoma kibandiko cha nyuma, niliona kwamba poti zote kwa pamoja zinaweza kutoa wati 120 tu. Nikachomeka kipimo kati ya swichi na kamera moja. Mchana kamera ilikula wati 5 hivi, na giza lilipoingia ikawasha taa zake za infraredi za kuonea gizani, ikapanda hadi wati 9. Kamera 14 za wati 5 ni wati 70, ilhali kamera 14 za wati 9 ni wati 126. Swichi ilikuwa ikijilinda kwa kukata poti zenye namba za mwisho, mzigo ukapungua, ikarudisha umeme, kamera zikawaka na kuwasha taa zake, mzigo ukapita kiwango tena. Mzunguko huo uliendelea usiku kucha, na kwa muda wote huo yadi yenye mali za watu ilikuwa haionekani.

Tangu siku hiyo, mfanyabiashara anaponiuliza anunue swichi gani kati ya mbili, swali langu la kwanza ni jumla ya wati za PoE. Kiwango cha kimataifa cha PoE kiitwacho 802.3af, cha mwaka 2003, huruhusu poti moja kutoa hadi wati 15.4, kile cha 802.3at cha mwaka 2009 kilipandisha hadi wati 30, na cha 802.3bt cha mwaka 2018 kikafika wati 90. Namba hizo ni za poti moja, nazo ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Jumla ya swichi nzima huwa imejificha kwenye ukurasa wa vipimo. Chukua swichi ya USW-24-PoE ya kampuni ya Ubiquiti: ina poti 24, poti 16 ndizo za PoE, na jumla yake ni wati 95. Ukiigawa sawasawa, kila poti inapata chini ya wati 6. Ni swichi nzuri kwa ofisi yenye simu za mezani na akses pointi (vifaa vya kurushia Wi-Fi) chache, lakini kwa yadi yenye kamera kama ile ingetuletea msiba uleule. Kampuni ya TP-Link wana TL-SG3428MP yenye poti 24 za PoE na jumla ya wati 384, na wana TL-SG3428 isiyo na PoE kabisa. Herufi mbili za mwisho ndizo zinazotenganisha vifaa hivyo, kwa hiyo anayeagiza kwa simu ahakikishe muuzaji amezisikia zote.

Hapa nigusie kebo, kwa sababu inakula umeme huohuo. Kati ya wati 30 zinazotoka kwenye poti, kiwango kinahakikisha wati 25.5 tu upande wa pili wa kebo ya mita 100, na hesabu hiyo inachukulia kwamba waya ni shaba tupu. Kebo za bei nafuu zinazouzwa kwa roli madukani mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo ina ukinzani mkubwa zaidi na hupata moto ikipitisha umeme. Ukiikwangua ncha ya waya kwa kisu na ukaona weupe ndani, usiivute.

Swali langu la pili ni iwapo swichi inaweza kusimamiwa, yaani kama ina ukurasa wake wa mipangilio ambapo fundi anaona kila poti na kuiamuru. Swichi isiyosimamiwa ni rahisi na haihitaji ujuzi. Unachomeka, inafanya kazi. Ubaya wake unaonekana siku mtu anapokuta kebo fupi inaning'inia chini ya meza na kwa nia njema kabisa akaichomeka ncha ya pili ukutani. Hapo swichi imeunganishwa na yenyewe, na kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inayotangazwa kwa wote inazunguka kwenye kitanzi hicho bila kikomo, maana pakiti ya Ethernet, mtandao huu wa kebo, haina hesabu ya kuifanya ife baada ya safari kadhaa. Nimeona hali hiyo kwenye kliniki moja: taa zote za swichi zilikuwa zikipepesa kwa pamoja, haraka mno, mfumo wa mapokezi umeganda, na wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi. Tulichomoa kebo moja baada ya nyingine kwa dakika 40 hadi tulipoipata. Dawa ya kitanzi imekuwepo tangu mwaka 1985, Radia Perlman alipobuni itifaki ya Spanning Tree akiwa kampuni ya Digital Equipment, na kwa kawaida swichi inayosimamiwa huwa nayo: inatambua njia mbili zinazoelekea mahali pamoja na kuifunga moja. Kwa biashara yoyote ambayo kusimama kwa saa moja kunaiumiza, mimi siwezi kushauri swichi isiyosimamiwa, hata bei iwe nzuri namna gani.

Swichi inayosimamiwa hukupa pia VLAN, yaani mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi ileile, ambazo hutenganisha mashine za malipo, kamera na Wi-Fi ya wageni ilhali zote zimechomekwa kwenye kifaa kimoja. Mgeni anayesubiri mapokezi hana sababu ya kuifikia kompyuta ya mhasibu.

Kuhusu kasi nitasema machache. Matangazo hupenda kutaja uwezo wa gigabiti 48 kwa sekunde, lakini hiyo ni poti 24 za gigabiti moja zikihesabiwa kwenda na kurudi, na hata swichi ya bei ya chini huifikia. Poti za gigabiti moja zinatosha kwa ofisi nyingi. Panapobana ni njia ya kwenda kwenye seva au swichi nyingine, na hapo tafuta poti za SFP+, yaani matundu ya kuchomekea kiunganishi cha fiba au cha shaba, za gigabiti 10 badala ya SFP za gigabiti moja.

Kati ya kampuni zenyewe, ninaiheshimu sana MikroTik ya Latvia. CRS326-24G-2S+RM yao ina poti 24 na poti mbili za SFP+, haidai leseni ya kila mwaka, na inakubali umeme wa DC wa volti 10 hadi 30, kwa hiyo kwenye eneo linalotegemea sola unaweza kuiendesha kutoka kwenye mfumo wa betri bila inveta. Haitoi PoE, na mipangilio yake inamtaka fundi aliyeizoea. VLAN ikipangwa vibaya unaweza kujifungia nje ya ukurasa wa mipangilio. Swichi za Ubiquiti na za Omada, familia ya vifaa vya ofisi vya TP-Link, zinamfaa mwenye matawi kadhaa anayetaka kuona swichi zote kwenye skrini moja, na programu zao za usimamizi hazilipiwi. Kwa Meraki, swichi za kampuni ya Cisco zinazosimamiwa kupitia intaneti, leseni ni sehemu ya bei na inabidi iendelee kulipiwa, kwa hiyo linganisha gharama ya miaka mitano, si ya siku ya kununua.

Joto na vumbi usivisahau. Swichi yenye feni iliyofungiwa ndani ya kabati la mbao juu ya friji, kama nilivyoikuta ofisi moja, haitadumu hata ikiwa ya jina kubwa. UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika, nayo ikokotolewe kwa mzigo wa PoE wa usiku.

Kwa wale wa bandarini tuliweka Catalyst 1300 ya Cisco, ile ya poti 24 yenye jumla ya wati 195. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya zamani, na mwenye ofisi alikubali baada ya kuona hesabu ya 126 kwenye karatasi. Siku ya kuifunga sikuondoka. Nilikaa na kompyuta mapajani, ukurasa wa swichi ukiwa wazi, na baada ya magharibi namba ya wati ikaanza kupanda kutoka 71, ikapita 100, ikapita 120, ikafika 127 na kutulia hapo. Mlinzi alikuja akasimama nyuma yangu, akazihesabu picha kwenye skrini moja moja kwa kidole hadi ya 14, kisha akaanza kuhesabu upya.