Jeki nne za boksi la Hilux: wote waliniuliza tani, hakuna aliyeniuliza urefu

Kila msimu wa kupuliza salfa nahamia Tandahimba na Newala. Mimi ni fundi wa mashine za kupulizia mikorosho, zile za kubeba mgongoni, na kuanzia Juni wateja wangu hawapo Mtwara mjini, wapo mashambani. Mashine ikizima asubuhi, mtu hataki kusikia habari ya kuileta Chikongola, huko mjini. Ndiyo maana nilichongesha boksi la bati na skwea paipu linalokaa nyuma ya Hilux. Ndani kuna meza ya kazi, rafu za spea na kitanda cha kukunja. Watoto wa Kitangali waliliita konokono, na jina likakaa.

Shida ni kwamba konokono huyu lazima avue gamba. Nikifika kijijini nataka boksi libaki pale karibu na ghala liwe karakana, gari ikafuate spea na petroli. Halafu minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi, Hilux inatakiwa iwe wazi ibebe magunia kwenda chama cha msingi. Ukionekana unazungusha kitanda wakati wenzako wanabeba korosho, hata shemeji zako watakushangaa.

Uzito niliujua. Gari tupu niliipitisha kwenye mzani wa ghala kabla boksi halijakamilika, nikaipitisha tena likiwa juu na vifaa vyote. Tofauti ilikuwa kilo mia sita na kitu. Hilux inabeba kama tani moja, kwa hiyo upande huo sikuwa na wasiwasi.

Basi wakaja washauri. Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote, alikuwa wa kwanza. "Mwanangu, tafuta jeki nne za mafuta, tani kumi kumi. Hizo zinanyanyua basi na abiria wake." Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi sinyanyui basi, nataka kitu kirefu." Akacheka. Fundi wa gereji akasema tani tano zinatosha. Muuza spea akasema ishirini, maana ndizo alizokuwa nazo. Tani, tani, tani. Wakati sakafu ya boksi likiwa juu ya gari inanifika usawa wa kiuno, na jeki ya mafuta hata ikisimama mpaka mwisho haifiki goti.

Mzee alikuwa na jibu: matofali. Tukaazima jeki nne, tukapanga matofali ya saruji kila pembe, jeki juu ya matofali, kipande cha ubao juu ya jeki. Nilisema matofali yale yana mchanga mwingi, nikaambiwa nina woga wa mtu aliyezoea mashine ndogo. Vijana wa bodaboda wakashika kona, mzee akasimama katikati akihesabu, moja, mbili, pampu. Boksi likapanda vizuri kabisa. Watu wakapiga makofi. Jeki zikafika mwisho, mzee akaniambia, "Haya, toa gari."

Nikainama kuchungulia. Sakafu ya boksi bado imelala kwenye bodi ya gari kama mwanzo.

Hii ndiyo habari ambayo washauri wote hao hawakuwa nayo. Gari likibeba mzigo, springi zinalala. Ukianza kunyanyua mzigo, springi zinainuka nao. Unapampu, boksi linapanda, gari nalo linapanda nyuma yake, na mpaka springi zimalize kupumua ndipo uanze kuona mwanga katikati. Jeki zetu zilikuwa zimetumia urefu wake wote kuzinyanyulia springi. Mzee hakuamini. Akaagiza tuegeshe upande mmoja kwa magogo, tuongeze tofali. Tofali la nyuma kushoto likapasuka palepale, jeki ikalala ubavu, boksi likainama na rafu nzima ya spea ikamwagika ndani. Mpwa wangu alikuwa anapiga kelele, "Mjomba toka! Mjomba toka!" na mimi nilikuwa nimeshatoka zamani, niko upande wa pili wa barabara karibu na muuza mihogo. Mbio nilizopiga siku hiyo hazijawahi kutajwa kwenye michezo ya shule za msingi.

Tulilirudisha kwa chenibloku iliyofungwa kwenye tawi la mwembe. Na nikiri, mwembe ni mzuri kuliko tani kumi. Boksi linaning'inia, unatoa gari, unashusha. Kwa muda fulani hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu, mpaka nilipofika vijiji ambavyo mti wa pekee karibu na ghala ni mkorosho. Tawi la mkorosho ni fupi na limejipinda, na mwenye mkorosho ukimwambia unataka kuning'iniza nusu tani kwenye mti wake anatafuta panga.

Kijana mmoja akaniletea ile jeki ndefu ya meno, ambayo madereva wa Kenya wanaiita Tanganyika, sijui tuliwakosea nini. Urefu inao, zaidi ya mita moja. Lakini inanyanyua kona moja tu na imesimama kwenye kiatu kidogo. Ukiinua kona moja peke yake boksi linajinyonga, mlango haufungi. Na wakati wa kushusha, mpini ukikuponyoka unaruka juu na chini kwa nguvu ya kuvunja taya. Kwa kutoa gari kwenye tope, safi. Kwa kazi yangu, hapana.

Kilichonifaa ni jeki za tela. Si zile nzito za semi zinazobeba saruji, hizo mguu mmoja tu ni mzigo. Nasema za tela ndogo, za boti, zenye mkono wa kuzungusha. Nilizipata nne zilizotumika pale Gerezani, Dar, zikaja kwa basi. Ndani ni skrubu yenye meno, kwa hiyo ukiacha kuzungusha inakaa palepale. Jeki ya mafuta ikichoka sili inashuka polepole usiku ukiwa umelala, na mimi nalala mle ndani. Skrubu yenyewe inakwenda karibu sentimita arobaini, na chini kuna mguu wa ndani unaoutelemsha na kuufunga kwa pini. Zina maandishi ya kilo mia tisa kila moja. Kwa hizo tani zao, ni jeki za kuchekwa.

Fundi wa kuchomelea alitaka kuzigandisha kwenye ubavu wa boksi. Nikamwambia apime upana wa gari kwanza. Boksi linaingia katikati ya bodi, lakini gari ni pana kuliko boksi. Miguu ikikaa karibu hivyo, gari litatokaje? Tukatoa mikono ya skwea paipu kila kona mpaka katikati ya miguu pakawa na mita mbili na ushee, tukaweka na mishazari, maana mkono mrefu bila mshazari unayumba. Jeki zinachomekwa na kufungwa kwa pini. Nikisafiri nazivua naziweka ndani, kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu hawalali.

Mbele ninapaweka juu kidogo kuliko nyuma muda wote, kupandisha na kushusha. Boksi likiinamia mbele linataka kwenda zake kwenye kabini. Mpwa wangu anazungusha mizunguko michache kila kona, kisha anahamia nyingine, anazunguka boksi kama mtu anayetafuta choo. Akitaka kumaliza kona moja kwanza namrudisha.

Kurudisha gari chini ya boksi ndiko kulikowatoa jasho wengi, na hapa nitajisifu. Nimening'iniza timazi ya waashi katikati ya boksi upande wa mbele, na kwenye sakafu ya bodi nimechora mstari mweupe wa katikati, kutoka nyuma mpaka kwenye kabini. Kabla ya kurudi nyuma nafungua mlango wa bodi, mpwa anasimama ubavuni anaangalia ncha ya timazi ikifuata mstari. "Kushoto kidogo, mjomba. Hapohapo. Njoo." Hakuna kelele za watu kumi wakipunga mikono kila mmoja upande wake. Mwashi mmoja wa Kitangali aliona akaniambia nimeidhalilisha timazi, lakini alibaki mpaka mwisho kuangalia.

Chini ya kila mguu naweka kipande cha tairi la lori, juu yake ubao mnene. Tulikwenda ufukweni Msimbati sikukuu ya Idi na familia, na mchanga ule bila mbao unameza mguu mpaka kwenye pini.

Kule Newala ugomvi wangu ni kusi. Boksi likisimama juu ya miguu mirefu upepo unalitikisa, kwa hiyo gari likishatoka nalishusha. Skrubu ikifika mwisho naegesha gogo chini, napandisha pini tundu moja, naendelea, mpaka sakafu iwe usawa wa goti. Hapo naweka magogo mawili katikati, ndipo napanda kulala.

Gharama yote, jeki, vyuma na fundi, ni kama laki sita au saba, ukitoa soda za vijana wa bodaboda.

Sasa wamehamia kwenye mota. Kila mtu ananiambia funga mota ubonyeze kitufe. Drili ya kuzungushia ninayo na huitumia mguu ukiwa hewani, hauna mzigo. Mzigo ukishaingia nazungusha kwa mkono, kwa sababu mkono unaniambia mguu upi umebeba na upi umetegea. Mguu ukizunguka kirahisi wakati wenzake ni wazito, nasimama hapohapo naenda kuangalia ubao wake.